Tundu la tatu

Mkanda wangu wa suruali ulikuwa na matundu matano ya kiwandani na matatu ya fundi viatu wa Ngamiani. La kwanza alinitobolea mwezi wa tatu tangu nianze sindano za homoni, la pili mwezi wa saba, na la tatu wiki moja kabla ya safari ninayoisimulia. Kila mara alilaza mkanda juu ya gogo, akasimamisha msumari, akagonga mara moja tu. Kisha ananiambia, "Unanawiri, mwalimu. Maradhi yameshakimbia." Nami niliamini. Mgonjwa wa saratani akianza kunenepa, nani atafikiria vibaya?

Ilikuwa Juni 2022. Nilikuwa na miaka 67, mwalimu mstaafu wa baiolojia, mkazi wa Tanga. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeonekana mwaka mmoja nyuma, PSA, kipimo cha damu cha kuifuatilia saratani hii, ikiwa 64. Nilipigwa mionzi nikamaliza, na juu yake nikapangiwa sindano kila baada ya wiki 12, kwa miaka miwili au zaidi. Kwa asiyeijua, ile sindano haina maji. Ndani yake mna kipande kikavu cha dawa, cheupe, kadiri ya punje ya mchele, kinachosukumwa chini ya ngozi ya tumbo na kukaa humo kikiyeyuka polepole. Kazi yake ni kuzinyamazisha korodani zisitengeneze testosteroni, homoni ya kiume, maana saratani hii huitegemea homoni hiyo ili ikue. Na inafanya kazi kweli. PSA yangu ilikuwa imeshuka hadi 0.3, na kila nikitajiwa tarakimu hiyo nilikuwa nampigia mke wangu simu kabla sijatoka mlangoni.

Hayo mengine niliyachukulia kuwa ada ya kupona. Joto lilinipanda ghafla usiku hadi shuka likalowa, mikono ikasinyaa, tumbo likatoka mbele. Na baiskeli. Sisi watu wa Tanga baiskeli ndiyo miguu yetu. Kutoka kwangu Chumbageni hadi sokoni Ngamiani nilikuwa naenda bila kufikiri. Mwaka ule nilianza kusimama njiani, kwanza mara moja, kisha mara mbili, kifua kikibana kama nimefungwa kitambaa. Nikipumzika kidogo kinaachia. Mama Zuhura aliniona siku moja nimeegemea ukuta wa watu, akasema, "Baba Zuhura, hii si sindano peke yake." Nikamjibu kwamba daktari alishasema dawa inapunguza nguvu. Kweli alisema. Lakini kifua sikuwahi kumtajia, na naye hakuwahi kuniuliza.

Siku ya sindano ya tano tulipanda basi la alfajiri, tukateremka Mbezi, Dar es Salaam, tukaelekea hospitali yetu mjini. Sindano nilikuwa nimeinunua mwenyewe duka la dawa, maana safari ile hospitali haikuwa nayo. Bei yake ilizidi pensheni yangu ya mwezi. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya pili nimeikumbatia ile boksi kama mtoto mchanga, nikapumzika kwenye kila kona.

Ndani alikuwapo muuguzi ambaye sikuwahi kumwona, binti mdogo kuliko wanangu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akaniambia nilale, nilegeze mkanda, ninyanyue shati. Pamba yenye spiriti ilikuwa tayari mkononi mwake. Akasita. Alikuwa anautazama mkanda.

"Mwalimu, haya matundu umetoboa lini?"

Nikamweleza, tena kwa furaha. Yeye hakutabasamu. Akaniuliza ngazi nimepandaje. Nikasema salama. Mama Zuhura, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na pazia, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane, "Amepumzika kila kona, mwanangu, na nyumbani anashika kifua." Binti akaiweka pamba chini, akanifunga kipimo cha presha. Ikaja 178 kwa 104. Akapima mkono wa pili, ikaja karibu vilevile.

"Sindano leo sikuchomi mpaka daktari akuone."

Nilikasirika. Nayaandika haya kwa sababu nataka wanaume wenzangu waujue ule woga. Akilini mwangu ile punje ya mchele ndiyo iliyokuwa inanishikilia duniani. Siku ikipita bila kuwekwa, niliona saratani inafungua macho. Nikamwambia nimetoka Tanga, nimenunua kwa fedha yangu, sitoki. Akanisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akachukua faili langu akaenda.

Daktari alikuja na faili limefunguliwa ukurasa wa kwanza, ule wa siku niliyoandikishwa. Pale palikuwa na maneno yangu mwenyewe: baba alifariki ghafla shambani akiwa na miaka 58. Mwaka mzima ukurasa ule haukurudiwa. Kurasa zilizofuata zilikuwa na PSA, PSA, na PSA tena. Kolesteroli hakuna. Sukari mara moja tu. Presha hakuna tangu mionzi. Daktari hakujitetea, na kwa hilo namheshimu. Alisema, "Mwalimu, hapa tumekosea."

Akavuta kiti akanifundisha. Testosteroni ikizimwa, misuli hupungua na mafuta huongezeka, hasa tumboni. Kolesteroli hupanda, mwili huanza kuikaidi insulini, sukari nayo hupanda, na mishipa ya moyo ndiyo inayobeba mzigo. Kwa mtu ambaye mishipa yake ina kasoro tangu zamani, mzigo huo ni mzito. Akaniambia kwamba Marekani, mwaka 2010, mamlaka ya dawa iliwaamuru watengenezaji wa sindano za kundi hili waongeze kwenye maelezo onyo juu ya kisukari na maradhi ya moyo. Miaka kumi na mbili! Nilikuwa nimeshika boksi. Nikaitoa ile karatasi iliyokunjwa ndani, ambayo sikuwahi kuisoma, nikavaa miwani. Onyo limo. Mimi niliyewafundisha vijana wa kidato cha nne homoni kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwachorea ubaoni ndevu na sauti nzito, sikuwahi kuchora moyo kwenye mchoro ule.

Akaongeza kwamba wanaume wengi wenye saratani hii huja kufa kwa moyo, saratani yenyewe ikiwa imetulia. Na kwamba sindano ikichelewa siku chache, haiharibiki kitu.

Kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika siku ileile, na hakikumpendeza. Kesho yake nilikuwa Taasisi ya Moyo pale Muhimbili, na siku chache baadaye nimelazwa chali, waya mwembamba umeingizwa kifundoni mwa mkono, nautazama moyo wangu kwenye skrini. Mshipa mmoja ulikuwa umeziba zaidi ya robo tatu. Wakaupanua wakaweka stenti, kibomba kidogo cha wavu kinachouzuia usizibe tena. Nilitoka na mfuko wa dawa: ya presha, ya kolesteroli, na mbili za kulainisha damu.

Swali la sindano lilibaki. Nilimuuliza daktari kama ipo dawa isiyogusa moyo. Akanitajia vidonge vya relugoliksi: katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020, matukio makubwa ya moyo yalikuwa asilimia 2.9 kwa waliovitumia na 6.2 kwa waliochomwa sindano kama za kwangu. Lakini utafiti mwingine wa mwaka uliofuata, kwa sindano ya kundi moja na vidonge hivyo, haukuona tofauti. Hapa kwetu hata hivyo visingepatikana kwa pensheni yangu. Upasuaji wa kutoa korodani ni rahisi kwa bei, ila nao unaizima homoni ileile. Tukakubaliana kuendelea na sindano, moyo ukiwa umelindwa.

Nilirudi hospitali siku ya 16 tangu sindano iahirishwe. Binti alikuwapo. Kabla ya yote alichukua kadi yangu, akalaza rula kando ya safu ya PSA, akapiga mstari wa wino wa bluu kutoka juu hadi chini, akaandika juu yake "Presha". Akanipima. Akajaza 136 kwa 82, akamwonyesha Mama Zuhura. Ndipo akaniambia ninyanyue shati, na alipomaliza akaibonyeza pamba tumboni kwangu muda mrefu kuliko siku nyingine zote, kwa sababu ya zile dawa za kulainisha damu.