Nilivyoifundisha Tcl amri ya kupima maziwa

Programu ya kwanza niliyokiandikia kituo cha maziwa ilikuwa lugha ya C tupu. Inasoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali kupitia kebo ya USB, inaandika namba ya mwanachama na kilo zake kwenye faili, basi. Ilikwenda vizuri mpaka katibu wa chama alipoanza kuipenda. Wiki hii anataka lita badala ya kilo. Wiki inayofuata anataka maziwa ya jioni yatengwe na ya asubuhi. Kila ombi lilinipandisha basi hadi nyanda za juu, nifungue msimbo, nibadilishe mstari mmoja, nikompaili upya (yaani nigeuze msimbo kuwa programu inayoendeshwa), nishuke. Kugawanya kilo kwa 1.03 ili upate lita si jambo la kupandia basi.

Nikaamua C ibaki na mizani tu, mengine yote yaandikwe kwenye skripti ambayo katibu anaweza kuihariri mwenyewe. Nikachagua Tcl. Wenzangu walinicheka, maana ni lugha ya siku nyingi. Lakini John Ousterhout alipoianza mwaka 1988 kule Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa anatibu ugonjwa huu huu: programu ya C inayohitaji lugha ndogo ya amri ndani yake. Lua, lugha nyingine ndogo ya kupachikwa ndani ya C, nayo ingefaa, ila nilimfikiria mama karani anayeandika maziwa kituoni. Kwenye Tcl anaandika `andika 0127 14.5`, bila mabano wala mkato. Na kwa kuwa amri naziita mimi, ziliitwa kwa Kiswahili: `pima`, `andika`, `jumla`.

Kumweka mkalimani wa Tcl, yaani kile kinachosoma skripti na kuitekeleza, ndani ya programu ni mistari michache. Unaita `Tcl_FindExecutable`, kisha `Tcl_CreateInterp`, kisha `Tcl_Init`, unasajili amri zako, halafu `Tcl_EvalFile` inasoma skripti. Ukikompaili unaongeza `-ltcl8.6`. Usajili wenyewe ni mstari mmoja:

```
Tcl_CreateObjCommand(interp, "pima", PimaCmd, m, FungaMizani);
```

Yaani: mkalimani, jina la amri, funksheni ya C itakayoitwa, pointa (anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) yoyote unayotaka funksheni hiyo ikabidhiwe kila inapoitwa, na funksheni ya kufanya usafi amri ikifutwa. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimebisha hodi tu.

`PimaCmd` yangu ya mwanzo ilirudisha kilo kwa `return`, kama funksheni yoyote ya C. Mizani ikiwa tupu hakukuwa na lawama, ila jibu lilikuwa tupu vilevile. Nikaweka jiwe la kilo 12, Tcl ikalalamika kwamba amri imerudisha namba mbaya ya hali, 12. Nikaweka la kilo 3 ndani ya kitanzi cha `while`, na kitanzi kikakatika kimya kimya, bila kosa lolote. Hilo la 3 lilinitoa jasho jioni nzima. Jibu ni kwamba kinachorudishwa na funksheni ni habari ya hali tu: 0 ni `TCL_OK`, 1 ni `TCL_ERROR`, 2 ni `TCL_RETURN`, 3 ni `TCL_BREAK`, 4 ni `TCL_CONTINUE`. Jiwe langu la kilo 3 lilikuwa linaamuru `break`. Jibu lenyewe huwekwa pembeni, ndani ya mkalimani:

```
static int PimaCmd(ClientData cd, Tcl_Interp *interp,
                   int objc, Tcl_Obj *const objv[])
{
    Mizani *m = cd;
    double kilo;

    if (objc != 1) {
        Tcl_WrongNumArgs(interp, 1, objv, NULL);
        return TCL_ERROR;
    }
    if (soma_mizani(m, &kilo) < 0) {
        Tcl_SetObjResult(interp,
            Tcl_NewStringObj("mizani haijibu", -1));
        return TCL_ERROR;
    }
    Tcl_SetObjResult(interp, Tcl_NewDoubleObj(kilo));
    return TCL_OK;
}
```

Hesabu ya `objc`, yaani idadi ya maneno yaliyoandikwa, inajumuisha jina la amri lenyewe, ndiyo maana amri isiyotaka kitu inakagua 1, si 0.

Ile pointa `m` nayo ilinisumbua, kwa uzembe wangu. Nilikuwa nimeitangaza `Mizani` ndani ya funksheni iitwayo `sajili_amri`, nikampa mkalimani anwani yake, funksheni ikaisha, na kilichokuwa pale kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni) kikafunikwa na mambo mengine. Amri ilipoitwa ikaenda kusoma poti isiyokuwepo. Tcl haikunakilii kitu; inatunza anwani uliyoipa na kukurudishia vilevile ilivyo. Sasa naomba kumbukumbu kwa `ckalloc`, na `FungaMizani` ndiyo inayofunga poti na kuiachia, iwe mkalimani amevunjwa au mtu ameandika `rename pima {}`.

Baada ya hapo nikaandika `AndikaCmd`. Namba ya mwanachama niliisoma kwa `Tcl_GetIntFromObj`, kilo kwa `Tcl_GetDoubleFromObj`. Nikajaribu na mwanachama 0001, 0002, hadi 0005, yote safi. Nikaifunga pale kituoni, nikanywa mtindi wa shukrani, nikarudi zangu.

Asubuhi iliyofuata, saa moja kasoro, simu.

“Mwanangu, hii mashine yako inamkataa mzee wa 0089.”

“Shikamoo mama. Inasemaje?”

“Marahaba. Inasema Kizungu. Nimemwandika kwa mkono, foleni ni ndefu. Na mama wa 0190 naye imemkataa.”

Nikamwomba anisomee herufi kwa herufi. Tcl ilikuwa inasema ilitegemea namba kamili ikapata "0089", na kwamba hiyo inafanana na namba mbovu ya oktali. Nilikaa kitandani. Kwenye Tcl 8.6 namba inayoanza na sifuri huhesabiwa kwa nane, kama ilivyo kwenye C, na kwa nane hakuna tarakimu 8 wala 9. Lakini hao waliokataliwa hawakunitisha. Walionitisha ni waliokubaliwa. 0127 kwa oktali ni 87. 0064 ni 52. 0010 ni 8. Foleni nzima ilikuwa inamwaga maziwa yake kwenye akaunti za watu wengine, na kwenye skrini hakuna aliyeona, kwa sababu skripti ilionyesha maandishi aliyochapa karani. Faili ndilo lililoandikwa na C. Majaribio yangu yaliishia 0005, na hadi 0007 oktali na hesabu ya kawaida ni mamoja.

(Tcl 9.0, iliyotoka 2024, imeacha tabia hiyo. Kompyuta ya kituo ilikuwa bado na 8.6.)

Kurekebisha amri ilikuwa dakika tano: namba ya mwanachama haijumlishwi wala kugawanywa, kwa hiyo si namba, ni jina lililovaa tarakimu. Nikaisoma kwa `Tcl_GetString` na kukagua kwamba ni herufi nne zote tarakimu. Kazi ilikuwa kwenye faili la asubuhi ile. Nilifika kituoni mchana nikiwa nimejiandaa kuomba radhi kwa chama kizima, ila ndani ya basi nilikuwa nimekumbuka kitu. Chama kina wanachama mia tatu na ushee, kwa hiyo kila namba inaanza na sifuri, na hakuna namba mbili zinazoangukia sehemu moja. Aliyeandikwa 87 hawezi kuwa mwingine ila 0127, kwa kuwa 0087 mwenyewe angekataliwa. Njia ya kwenda ndiyo ya kurudi; amri hii inaiandika namba kwa oktali, tarakimu nne:

```
format %04o $namba
```

Nikapitisha faili lote hapo, nikalichapisha, nikampelekea mama karani. Hakusema kitu. Alifungua droo akatoa kaunta buku. Siku ile ya kwanza ya mashine alikuwa ameandika kila mtu kwa mkono, si wale waliokataliwa tu. Tukalinganisha mstari kwa mstari, yeye akisoma, mimi nikiweka alama. Vikalingana vyote, tukaongezea waliokataliwa.

Katibu sasa anabadilisha skripti peke yake, na ameongeza amri ya bei ambayo sikumfundisha. Kaunta buku bado liko kwenye droo, na linaandikwa kila asubuhi.