Barabara ya Iringa, safari hii kwa macho yangu

Enzi za bweni kule Morogoro niliipita barabara hii kila likizo, nikisinzia kwenye basi, mawazo yote yako nyumbani. Safari hii tumekwenda na gari la mdogo wangu, tukisimama tunapotaka. Nilitaka kuwaona wanafunzi wenzangu wa zamani kule wanakotoka. Tuliishi chumba kimoja miaka minne, tukajuana hadi sauti za kukohoa, lakini hakuna aliyewahi kukanyaga kwa mwenzake.

Mikumi barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na gari haliruhusiwi kukimbia. Madereva wengi hulalamika. Mimi naona mwendo ule ni haki ya wanyama, na kwa msafiri ni neema. Twiga walikuwa karibu kiasi kwamba mdogo wangu alizima redio bila kuombwa.

Kabla ya Ruaha Mbuyuni vilima vinajaa mibuyu, na Mto Ruaha Mkuu unakwenda sambamba nawe. Kisha mlima Kitonga. Malori ya Tunduma na Zambia yalikuwa yakipanda kwa gia nzito, moja nyuma ya jingine, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Tulikaa nyuma yao bila kujaribu kuyapita. Bonde lilizidi kushuka chini yetu, nikashangaa niliwezaje kulala sehemu kama hii.

Ilula ndipo paliponikaa moyoni kuliko pote. Rafiki yangu alinipokea barabarani, tukashikana mikono hadi nyumbani kwao. Mama yake alikuwa uani. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." Akanitazama kabla hajaitikia. "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kitanda cha juu?"

Kumbe binti yake alikuwa akimwandikia barua kila mwezi, na mimi nilikuwa ndani ya hizo barua. Mama alijua kwamba nilimfundisha mwanawe hisabati wakati wa prepo, yaani kujisomea jioni. Alijua wiki niliyougua malaria, na kwamba binti yake ndiye aliyenifulia. Hilo la kufuliwa mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Mama wa watu alinibeba kwenye maombi yake miaka yote ile, wala sikujua kama yupo. Nililia, na rafiki yangu naye akalia. Mama akatuacha tulie, akaendelea kupepeta maharage.

Iringa mjini tulilala kwa baba mdogo. Kesho yake tukapita Isimila kuziona zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, na zana za mawe walizoacha watu wa kale. Mafinga tuliipita harakaharaka, ila misonobari ya Sao Hill ilitusindikiza mwendo mrefu, imesimama kwa mistari hadi macho yanachoka. Makambako tukaiacha barabara ya Mbeya, tukakunja kushoto.

Njombe anaishi yule mwenzetu aliyekuwa akioga maji ya bombani alfajiri huku sisi tukijikunyata mlangoni. Tulimwona jasiri wa ajabu. Nimeamka kwao mwezi huu wa saba, majani yameganda kwa baridi, watoto wanakwenda shule wakiongea na kucheka, nikaelewa kwamba Morogoro kwake ilikuwa joto tupu. Aliniambia kilichomtesa ni joto la mchana na upweke wa mbali. Hakuwahi kutuambia, na sisi hatukumuuliza. Tulikesha tukizungumza hayo.

Shangazi yangu naye yuko Njombe hiyohiyo, upande wa pili wa mji. Yeye na mwenzetu huyo wamekuwa wakisali kanisa moja bila kujua kwamba wanaunganishwa na mimi. Nimewakutanisha, na tayari wanaitana mama na mwana.

Jioni tulimpigia simu mama wa Ilula, tukaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Yeye ndiye aliyepanga: Desemba, wote tuliokuwa bweni lile, kwake. Mdogo wangu amekubali kumpitia mwenzetu wa Njombe, na mimi nimeanza kuwatafuta waliobaki.