Nikija likizo

Baba hakuwahi kuniomba hela. Aliniomba siku moja tu: nije tuzunguke shamba, anionyeshe nani kalala wapi. Kwetu Rungwe wazee wetu walizikwa hapo hapo nyumbani, katikati ya migomba, bila saruji. Ukiweka jiwe, mvua za Tukuyu zinalimeza. Kila alipopiga simu nilimjibu kutoka Leeds, Uingereza, "Nikija likizo, baba." Niliondoka 2012. Mara nauli, mara karatasi za ukaazi, mara Uviko. Mwaka 2022 nilimzika kwa WhatsApp, mtandao ukikatika kila jeneza liliposogezwa.

Mwezi uliopita nimerudi, kwa basi, makusudi. Kitonga, Makambako, Igawa. Pale Uyole nikadandia Kosta ya Tukuyu, na baridi ya Isongole ikaniingia mpaka kwenye fizi.

Nyumbani nikamkuta mdogo wangu keshachimba mashimo ya parachichi. Simlaumu, ada za watoto siku hizi hazitoki kwenye ndizi. Ila shimo la nne lilikuwa ubavuni mwa mgomba mmoja ambao baba alikataa katakata usiguswe, na kati yetu hakuna aliyejua kwa nini.

Aliyejua ni shangazi. Anasema alizaliwa mwaka wa nzige (miaka ya nzige ilikuwa mingi, basi tunamkadiria themanini na kitu). Magoti yamekwisha. Tukamshika huku na huku, naye akawa anagonga ardhi kwa fimbo kama anayebisha hodi. Babu. Bibi mkubwa. Pale mgombani, kitinda mimba wao, aliyekufa kabla hajapewa jina. Mimi naandika kwenye simu, vidole vimekufa ganzi. Mdogo wangu anachomeka vijiti vya mianzi. Vikafika tisa. Shimo la nne alilifukia mwenyewe, hatukujadiliana.

Kaburi la baba halikuhitaji kijiti. Ndilo pekee lenye vigae. Hela ya vigae nilituma kwa wakati.

Karibu na kisima shangazi akasimama, akagonga, akagonga tena. Kimya. "Hapa kuna mtu," akasema, "lakini aliyemjua ni baba yako."

Tukachomeka kijiti cha kumi. Kwenye simu nikaacha mstari mtupu. Shangazi akajivuta hatua mbili kushoto, akagonga.

"Na hapa ni pangu. Andika."

Nikaandika.