Nilivyoacha kupigana na mwamba: bustani yangu ya Kisauni

Sisi twakaa Mtopanga huku Kisauni, Mombasa, na kama washawahi kuchimba hata shimo la choo pande hizi wajua ardhi ilivyo, futi moja tu sururu ishagonga mwamba, matumbawe matupu. Bustani yenyewe si kubwa, ni pale mbele ya baraza mpaka geti, kama mita 6 kwa 9 hivi. Tulipohamia 2019 mimi nilikuwa na picha yangu kichwani, zulia la nyasi kijani na maua mekundu yamepangwa mistari miwili, basi. Nikaleta lori la udongo mwekundu, nikanunua nyasi, nikapita nasari za barabarani nikachukua ixora 12, ndo hayo maua mekundu, nikapanda mwezi wa kwanza, kaskazi yavuma na jua la Januari lachoma. Nani hupanda Januari Mombasa? Lakini sikujua.

Alafu maji sasa. Ya mfereji huku huja yakitaka yenyewe, wiki mbili mfereji mkavu ni kawaida, na kisima cha mtaa kina chumvi manake bahari iko karibu na kila mtu avuta hapo hapo. Nilipojaribu kunyweshea maji ya kisima kingo za majani zikaungua kama zimepitishwa jikoni. Ikabidi ninunue ya mkokoteni, mitungi 12 mara mbili kwa wiki, shilingi 30 mtungi mmoja, piga hesabu ni kama elfu tatu kwa mwezi zaingia kwa nyasi, na kuna jirani wa nyumba ya tatu yuwapanga foleni apate mtungi wa kupikia. Jambo hilo lilinikera moyoni zaidi hata ya pesa.

Na ixora zenyewe hazikushukuru. Zikaanza kuwa manjano, lakini ukilishika jani ukaliangalia vizuri mishipa imebaki kijani, manjano iko katikati ya mishipa tu, kama ramani ya mito. Mimi nikafikiri ni kiu nikaongeza maji, zikazidi. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba mwamba wetu ni chokaa, na chokaa ikiwa nyingi madini ya chuma yanafungika, yamo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyavuta, kwa hivo mmea walala njaa na chakula kiko chini yake.

Jirani yetu ni bibi wa Kigiriama, mtaa mzima twamwita Hawe. Siku moja akasimama getini anitazama navyomimina mitungi, akaniambia, "Mwanangu, hiyo miti yako yalia. Kwani hapa penyewe pameota nini kabla hujaja?" Nikamjibu hapakuwa na kitu Hawe, ni magugu tu. Akasema, "Hayo hayo."

Hilo neno sikuliacha. Nikaanza kwenda kile kiwanja kitupu cha nyuma nakaa naangalia. Mkonge pori umesimama juu ya jiwe na hakuna anayeunywesha. Shubiri imechanua. Mchunga, ile mboga chungu, ambao Hawe auita mutsunga, wajiotea kila mahali ukipigwa tone la mvua, na mgagani vile vile. Ufukweni kule kuna ule mtambaa wa maua ya zambarau wenye majani kama kwato za mbuzi, walala juu ya mchanga wa chumvi na jua la saa saba.

Mfano mkubwa zaidi niliupita kila siku kwa matatu bila kuufikiria, Haller Park pale Bamburi, ile hifadhi ya miti na wanyama. Lile lilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, na Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza 1971 alijaribu miti aina 26, iliyokubali ikawa michache mno, mvinje ukiwa mmojawapo, kwa sababu mizizi yake huishi na vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani. Na bado majani makavu ya mvinje yalirundikana hayaozi mpaka wakaletwa majongoo wale wa miguu myekundu, wakala, kinyesi chao ndo kikaanza kuwa udongo. Mimi majongoo nilikuwa nawamwagia chumvi! Nikasoma pia kuhusu Beth Chatto, mama mmoja wa Essex huko Uingereza, mahali pakavu kwa kiwango chao, aligeuza uwanja wa kuegesha magari uliojaa kokoto akaufanya bustani na akaamua hanyweshi kabisa, mmea unaofaa pale ubaki, usiofaa uende. Mimea yake si ya kwetu, ila njia niliichukua hiyo hiyo.

Kwa hivo Machi 2021 nikang'oa nyasi zote. Udongo wa lori nikawapa majirani. Mwarobaini na mnazi vilikuwepo nikaviacha vinipe kivuli. Makumbi ya nazi nikaokota kwa wauza madafu, bure kabisa, nikatandaza na majani makavu juu yake unene wa kiganja, na tangu hapo sichomi jani hata moja. Mvua za masika ziliposhika mwezi wa nne ndo nikapanda, miche midogo midogo, manake mche mdogo hutafuta nyufa za mwamba mapema kuliko mkubwa uliodekezwa kwa mfuko. Sikuchimbua porini, miche nyingi ni vichipukizi vya kwa Hawe. Sikupanga mistari. Mkonge pori nimeweka saba hapa, tatu kule, tena tano karibu na geti, ili jicho liuone ukijirudia. Shubiri kwenye jua kali, waridi la jangwani kwenye ufa wenyewe wa jiwe, mtambaa ukimbie katikati ufunike ardhi. Na nilibananisha, nafasi tupu ni mwaliko wa magugu.

Asmini nilibakisha mmoja dirishani kwa jikoni, huo wanywa maji ya kuoshea mchele. Nyumba ya Mombasa bila asmini mimi siwezi.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, nisiwadanganye. Kaskazi ilipofika mgagani ukakauka ukabaki vijiti, mchunga ukapotea, na mamamkwe alipokuja kutoka Likoni akasimama getini hata hajavua viatu, "Mwanangu, mwafuga nyoka hapa?" Nikaona ana haki ya kuuliza. Sikung'oa vijiti, manake mbegu zilikuwa zimo, lakini nikapanga mawe ya matumbawe ukingoni kote, njia ya kuingilia nikaipanua nikawa naifagia kila asubuhi, na chochote kilicho kando ya njia nakikata kisipite goti. Mimea ni ile ile, ila sasa mtu akiingia aona kuna mwenyewe. Mamamkwe safari iliyofuata alichuma mchunga akaupika kwa tui, hakusema neno.

Sasa hivi saa kumi na mbili asubuhi nikikaa barazani na chai, ndege wa chozi hawa wadogo wa kung'aa wanafika kwenye shubiri, aning'inia kwenye kikonyo aingiza mdomo ua moja baada ya jingine kutoka chini kwenda juu. Mndimu una viwavi, wakiwa wachanga wafanana kabisa na mavi ya ndege, kitambo nilikuwa nawapulizia dawa, na kumbe ndo wale vipepeo wakubwa weusi na manjano. Wakila majani kidogo nawaachia.

Maji nanunua mitungi mitatu kwa wiki, ya asmini na ya miche mipya. Kona ya getini bado inanishinda, pale gari lageuzia pamegandamana kama sakafu, nimejaribu mtambaa mara mbili umekufa, masika haya nitapasua na mtarimbo kisha nijaribu mkindu. Mkonge pori nao umezaana mno, nitaugawanya mvua ikianza, mtu wa Mtopanga anayetaka apite tu na mfuko.