Tiketi rahisi, halua ghali

Jana nimeshinda na simu mkononi kama mwendawazimu. Naenda Nairobi harusini kwa binamu yangu, na kuna ndege mbili zinazoondoka hapa uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, zikipishana dakika 20 tu. Asubuhi, nauli ya ndege moja ilikuwa chini ya nyingine kwa shilingi 500. Adhuhuri ile nyingine ikashuka, ikaipita. Nikajiambia, wacha wapigane hawa, mimi nangoja. Baada ya isha nafungua tena: zote zimepanda! Kumbe viti vya bei ya chini huwa vichache, vikisha unapandishwa ngazi.

Nikakumbuka 2014, shirika la ndege la Jambojet lilipoingia na nauli ya 2,850, watu wa basi tukaanza kujiita abiria wa ndege. Siku hizi kuna treni ya SGR pia, ila stesheni zake, Miritini huku Mombasa na Syokimau kule Nairobi, zote nje ya mji.

Basi nikalipa. Leo kaunta, begi likapandishwa mizani: kilo 12. Tiketi yangu mwisho kilo 7, mzigo wa mkononi peke yake. Ndani nina halua na achari za mamangu. Nampigia, nasikia anacheka: "Lipa mwanangu, halua yangu usinirudishie."

Nimelipa. Zile 500 nilizozifukuzia kutwa hata hazikutosha.