Nilivyofanya skripti moja ya bekapu itembee kwenye mashini zote za depo

Huku Lubumbashi mashini za biro huzichagui, unazikuta. Depo moja ya vifaa vya ujenzi kule komini ya Kenya (ya huku, siyo ile nchi) waliniomba niangalie bekapu zao, nikakuta mifumo minne tofauti: kompyuta ya mpokea pesa iko na Ubuntu, mashini inayogawa intaneti iko na FreeBSD, stoki inakaa ndani ya Alpine, na mtoto wa patroni anafanya hesabu kwenye Mac yake. Skripti, yaani faili ya komandi zinazofuatana, ni moja, ya fundi aliyenitangulia, na kwenye laptopu yake nina hakika ilikuwa inatembea safi.

Kijana wa depo ndo alinionyesha ya kwanza: "Yaya (huku ni mkubwa wako, siyo mlezi), mashini iko inasema hakuna faili, na faili iko hapa!" Kweli iko. Juu ya skripti kuliandikwa #!/bin/bash, yaani isomwe na bash (bash, sh na dash ni shell, programu zinazosoma komandi na kuzitekeleza), lakini yeye alikuwa anaiita kwa `sh bekapu.sh`, na ukiita hivyo ule mstari wa kwanza ni maoni tu, anayesoma ni sh, na kwenye Ubuntu tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006 /bin/sh ni dash, siyo bash. Dash haijui `[[`, ambayo bash inapimia sharti kama faili ipo au haipo, inaitafuta kama komandi, inaikosa, na kwa sababu iko ndani ya `if` inachukua jibu ni hapana, inaenda zake kwa `else`. Haisimami! Hata `set -e`, ile ya kusimamisha skripti kosa likitokea, haiishiki. Lalamiko lilikuwa linaingia kwenye logi ambayo hakuna mtu anafungua.

Najua wengi watasema si uweke bash kote tu. Haya, FreeBSD haiji nayo, ukiiweka inakaa /usr/local/bin siyo /bin, Alpine nayo inakuja na sh ya busybox (programu moja ndogo yenye komandi nyingi ndani), na Mac imebaki na bash 3.2 kwa sababu bash 4 ya mwaka 2009 ilitoka na leseni ya GPLv3 na Apple hawakuifuata. Kwa hiyo utakuwa na bash kila mahali na bado siyo bash moja. Nikaamua naandika sh ya kawaida, ile ya POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo hii: `[` moja, `=` moja, hakuna arei (orodha ndani ya jina moja), basi.

Shell yenyewe kumbe ndo rahisi, kazi iko kwa zile komandi. Mfano `sed -i`, ya kubadilisha maandishi ndani ya faili ileile. Skripti ilikuwa inabadilisha mstari ndani ya depo.conf, Linux (yaani Ubuntu na Alpine) hakuna neno, FreeBSD na Mac zinakataa, kwa sababu kule `-i` inataka kwanza mkia wa jina la nakala, kwa hiyo inameza maagizo yako kama mkia halafu inachukua jina la faili kama maagizo. Sasa jina linaanza na d, na d kwa sed ni kufuta mstari, ndo inalalamika kwamba kuna herufi za ziada baada ya d, yaani ile "epo.conf"! Nilicheka peke yangu. Sasa naandika kwenye faili ya pembeni halafu `mv` inaiweka mahali pa ile ya zamani. Kuna anayependa `cat` juu ya faili ya zamani ili ruhusa zibaki, lakini huku umeme ukikatika katikati unabaki na nusu faili, mimi naona heri `mv` halafu `chmod` kurudisha ruhusa.

Tarehe ya jana pia: `date -d` ni ya GNU (komandi zinazokuja na Ubuntu), Mac na FreeBSD wanataka `-v-1d`. Sikutafuta ujanja, niliacha kuhesabu tarehe kabisa, bekapu za zamani anazifuta `find` kwa `-mtime +7` na inafanya hivyo kote. `echo` niliitoa yote nikaweka printf, maana kwa dash njia kama D:\nota inakatwa, "ota" inashuka mstari wa chini. `set -o pipefail`, inayokuambia komandi yoyote kwenye mnyororo ikishindwa, imeingia POSIX mwaka 2024 tu, dash ya zamani inakufa hapo hapo, kwa hiyo badala ya kupitisha data moja kwa moja kwa gzip naiandika kwanza kwenye faili, naangalia imefaulu, ndo nabana.

Kupima sihitaji kwenda depo. Naipitisha kwa `shellcheck -s sh`, inayotafuta makosa kwenye skripti, halafu naiendesha na dash, halafu `busybox sh`, zote ziko kwenye laptopu na hazili bando. Ya FreeBSD tu ndo naingia kwa ssh, yaani kwa mbali, usiku wakati hakuna mtu anatumia intaneti.

Mahali pamoja nimeshindwa kukwepa: kuwasha upya huduma. Ubuntu ni systemctl, Alpine rc-service, FreeBSD service. Hapo sikuuliza jina la mfumo kwa uname, naangalia kwa `command -v` ni ipi ipo, na nimezifungia zote kwenye fankisheni moja juu kabisa ya faili ili kijana akiletewa mashini nyingine ajue pa kuongeza.