Jumamosi ya kocha wa hoki Dodoma: siku ya mfumo mpya

Saa 11:30 alfajiri
Baridi ya Julai Dodoma haina mzaha, na upepo umelipiga bati usiku kucha. Nimekaa sebuleni na magongo yaliyochakaa mishikio, nayazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli. Tyubu inashika vizuri hata kijana akiloa jasho, ila uikaze kwelikweli ukianzia chini kwenda juu, kisha ufunge ncha kwa uzi wa kushonea viatu. Fundi wa baiskeli ananipa tyubu zilizotoboka bure, na mimi kazi yangu ni kukata tu.

Saa 1:15 asubuhi
Bajaji hadi Nzuguni. Vifaa vya kipa peke yake vinakula kiti kizima. Dereva anazitupia jicho zile pedi za miguuni: "Kocha, unahama na magodoro?"

Saa 2:00
"Mbukwenyi!" Mzee anayelinda uwanja ananipokea kwa Kigogo kama kawaida yake, funguo tayari mkononi. Vijana wanakuja mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, moja kwa moja kwenye kuokota mawe. Mpira wa hoki una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Ukigonga kijiwe unaruka, na meno ya mtu yako karibu.

Kazi ninayoipenda asubuhi ni kuchora duara la kufungia. Unafunga kamba kwenye nguzo ya goli, unapima mita 14.63, unazunguka nayo huku mwenzako akimwaga chokaa. Unarudia nguzo ya pili, halafu unaunganisha mikunjo kwa mstari ulionyooka. Goli la nje ya mstari huo halihesabiki, kwa hiyo chokaa ikienda kombo tutagombana na waamuzi mchana kutwa.

Saa 3:00
Vizibo vya soda vinapangwa kwenye benchi. Tumekuwa tukicheza 4-3-3, na kila mechi ni shida ileile. Kwenye hoki hakuna ofsaidi, iliondolewa miaka ya 1990, basi wapinzani wanamsimamisha mtu mmoja karibu na kipa wetu na mabeki wawili wanakwenda kumlinda. Katikati tunabaki pungufu, tunakimbizana na upepo.

Leo ni 3-3-3-1. Mabeki watatu, viungo watatu, watatu wengine mbele yao, na mshambuliaji mmoja.

"Kocha, mimi nitabaki peke yangu kule?" mshambuliaji anauliza.

"Una watu watatu mgongoni. Tukipoteza mpira usirudi. Mfuate huyohuyo aliyenao."

Sikuongeza neno. Vijana wa miaka 15 ukiwapa maelekezo mengi kabla ya mechi wanaingia uwanjani wakiwa wanafikiri badala ya kucheza.

Saa 4:10, robo ya kwanza
Vurugu tupu. Wageni wametoka Morogoro, wana winga wa kulia mwenye mbio, na anamjia beki wetu wa kushoto kila anapotaka. Hapo ndipo penye uchungu wa mchezo huu: gongo lina upande mmoja tu wa kupigia, ule bapa, na hakuna gongo la mashoto. Beki anayeshambuliwa kushoto kwake inabidi aligeuze gongo na kunyoosha mkono mmoja. Winga analijua hilo fika. Kiungo wetu wa kushoto naye, kwa raha ya mfumo mpya, kapanda mbele na kusahau njia ya nyuma. Bao.

Mapumziko ni dakika mbili. Nyuso zimekunjamana. Nikawaambia Tanzania ilipeleka timu ya hoki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikafungwa 18-0 na India, na India ndiyo iliyobeba dhahabu. "Nyie mmefungwa moja." Wakacheka, na ndicho nilichotaka.

Kisha nikamvuta kiungo wa kushoto pembeni. Asimfuate winga kwa mbio, hamuwezi. Asimame hatua moja karibu na mstari wa pembeni, njia ya nje ifungwe, winga alazimike kuingia ndani. Akiingia ndani anamkuta beki upande wa kulia, upande wa gongo lililonyooka.

Robo ya pili winga yule aliingia ndani, akanyang'anywa. Akajaribu tena, akanyang'anywa tena. Akaanza kumtazama kocha wake.

Robo ya tatu
Ndiyo dakika kumi na tano nilizozingoja. Beki wao anachelewa kutoa pasi, mshambuliaji wetu yuko juu yake, wa pili kaziba kushoto. Mpira unachomoka, kiungo anausukuma ndani ya duara, mshambuliaji anaweka gongo tu. 1-1.

Mfumo huu unakula mapafu lakini. Bahati nzuri hoki inaruhusu kubadilisha wachezaji na kuwarudisha muda wowote, isipokuwa kona ya adhabu ikishatolewa. Wale wanne wa mbele nilikuwa nawazungusha na watatu wa benchi, kila mtu akitoka anatema vumbi.

Robo ya nne
Beki wetu wa kati, mcheza soka mzuri tu mtaani kwao, akabanwa, akautoa mpira nyuma ya goli lake kwa makusudi. Kwenye soka hiyo ni kona ya kawaida na watu wanapiga makofi. Kwetu ni kona ya adhabu: wanabaki watano kulinda, kipa akiwemo, wengine wote wanatupwa hadi nusu ya uwanja. Wageni wakapiga chini, kombo, ndani. 2-1, filimbi.

Saa 7:30 mchana
Ugali wa mtama na mlenda kwa mama ntilie. Mzazi mmoja kaniwahi kabla sijanawa: "Mwalimu, si mngebaki na ule wa zamani?"

"Mzee wangu, ule wa zamani tulikuwa tunafungwa bila hata kufika golini kwao."

Hakuridhika, na sikumlaumu, mwanawe alikaa benchi robo mbili. Mwanawe mwenyewe alikuwa pale pembeni, anapanga vizibo mezani.

Jumanne mazoezi ni kona ya adhabu mwanzo mwisho, watano nyuma ya mstari. Kiungo wa kushoto ndiye atakayetoka wa kwanza kumkimbilia mpigaji. Nimeshamwambia.